Pumzi za mgonjwa wa kifafa na haraka ya fatwa zetu

Ndugu msomaji, makala hii inaanza na kosa langu mwenyewe. Wenye kisa wameniruhusu kulieleza kwa sharti kwamba nisitaje majina yao.

Siku moja baada ya swala ya Adhuhuri, nikiwa nje ya msikiti hapa Dodoma mjini, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Busi, wilayani Kondoa. Mwanawe nilimfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa miaka minne. Ni kijana mwenye adabu, mwenye sauti nzuri ya kusoma Qur'an, na tangu akiwa na umri wa miaka tisa anaumwa kifafa.

"Ustadhi," aliniambia mama yule baada ya salamu, "kuna jambo limetugawa hapa nyumbani. Huyu kijana wako tangu arudi kutoka kliniki, kila alfajiri anakaa chini, anakunja miguu, anafumba macho, anavuta pumzi na kuzitoa polepole. Anasema muuguzi ndiye aliyewafundisha, ni mazoezi yanaitwa yoga. Mjomba wake kamkuta, kasema hiyo ni ibada ya Wahindu, na asipoacha asikanyage kwake. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nawahi kipindi. Nikajibu kwa sentensi moja: yoga ni ibada ya makafiri, aiache. Mama akasema, "Ahsante ustadhi, Allah akulipe kheri." Nikaenda darasani nikiwa na utulivu wa mtu anayedhani ameilinda dini.

Siku kumi na mbili baadaye nilipata habari kwamba kijana ameungua. Katika kikao cha familia jibu langu lilikuwa limekua, kama linavyokua kila neno linalopita midomo mingi. Mimi nilisema aache yoga. Kilichomfikia kijana ni kwamba ustadhi amesema mambo ya kliniki ile yote ni ya kikafiri. Akaacha mazoezi, na vidonge vya fenobabitoni alivyokuwa akimeza kila usiku akaviacha siku ile ile. Dawa hii haiachwi ghafla. Mwili uliokwishaizoea ukinyimwa kwa mara moja, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa. Alipatwa na degedege mfululizo, moja likifuata jingine bila kurejewa na fahamu, na alikuwa ameketi karibu na mafiga. Mkono wa kushoto uliingia motoni.

Nilipanda basi hadi Kondoa, na kutoka hapo bodaboda hadi Busi. Hakuna aliyenilaumu. Mama alinikaribisha kwa chai na karanga kama mgeni wa heshima, na heshima ile ilinitesa kuliko lawama.

Usiku ule niliikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.), hadithi ambayo nimeifundisha mara nyingi bila kujiona ndani yake. Masahaba fulani walikuwa safarini, mmoja wao akajeruhiwa kichwani kwa jiwe, kisha akaota na kuwajibikiwa na josho. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawalaumu kwamba wao ndio waliomuua, na akawafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Tuzingatie. Waliotoa jibu lile hawakuwa watu waovu. Walikuwa na hamu ya kuilinda sharia. Walichokosa ni kuuliza.

Hukumu kabla ya kufahamu

Wanachuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Ukihukumu usichokifahamu, hukumu yako haina shina. Mimi sikumuuliza mama yule kijana anatamka nini, anakusudia nini, anafanya kwa muda gani, wala kama bado anameza dawa. Nilisikia neno moja nikalijibu. Basi na tufanye leo nilichopaswa kufanya siku ile.

Kwanza, kifafa ni nini? Ni maradhi ya ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mdogo, na umeme huo ukifumuka ghafla bila mpangilio, mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka, au huduwaa kwa sekunde chache bila kujibu. Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, na hata mayai ya mnyoo tegu wa nguruwe, ambayo kwa njia ya maji na mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu humfikia hata asiyewahi kuonja nyama hiyo. Kwa wengine sababu haijulikani. Si ugonjwa wa kuambukizwa kwa mate wala kwa mkojo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nao, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata tiba sahihi.

Atakuja mtu aseme hizo ni nadharia za Wazungu, kifafa ni majini. Tumrudishe kwa wanachuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika Qanun yake alikieleza kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa, kwa sababu na tiba. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad alikubali kwamba iko aina itokanayo na roho mbaya, lakini akasema wazi kwamba iko aina nyingine itokanayo na hali ya mwili, na hiyo ndiyo wanayoizungumzia matabibu. Huyu ni mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, hakuna wa kumtuhumu kwamba aliukana ulimwengu wa majini. Kama yeye alitofautisha, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumkuta kila anayeanguka tukamfungia kombe na kumtupia vidonge vyake?

Je, asili ya kitu ndiyo hukumu yake?

Pili, yoga ni nini? Hapa tusidanganyane. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na katika asili yake si mazoezi ya viungo tu, bali ni njia ya kiroho yenye lengo lake. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wetu wa karne ya 11, alijifunza Kisanskriti na kuitafsiri kwa Kiarabu kazi ya Patanjali inayoeleza njia hiyo. Aliisoma, akaifahamu, akaieleza kwa uadilifu, na akabaki Muislamu. Kwa hiyo mjomba wa yule kijana hakuzua. Yako matamko ndani ya yoga yanayotukuza visivyokuwa Allah, na kwa Muislamu hayo ni haramu, hata yakitamkwa kwa ajili ya afya. Mwenyezi Mungu hakuiweka shifaa ya tauhidi katika shirki.

Lakini swali la kifalsafa ambalo lazima tulijibu ni hili: kitu kikitoka kwa watu wa dini nyingine, je, kila kipande chake kinabaki na dini hiyo milele? Handaki lililochimbwa kaskazini mwa Madina katika vita vya Ahzab lilikuwa mbinu ya Waajemi waliokuwa wakiabudu moto. Salman al-Farisi (r.a.) aliishauri, na Mtume (s.a.w.) akaikubali na kuchimba kwa mikono yake. Kujifananisha kulikokatazwa ni katika yale yanayowahusu wao peke yao, katika ibada zao na alama zao. Handaki halikuwa ibada. Na kuvuta pumzi polepole je, ni alama ya nani?

Wanachuoni wa zama zetu wamelijadili. Baraza la Fatwa la Malaysia, Novemba 2008, lilikataza yoga inayokusanya mazoezi, matamko na makusudio ya kiibada. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Januari 2009, liliharamisha yoga yenye matamko na ibada za Kihindu, lakini likaacha mlango kwa inayofanywa kama mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliruhusu ifundishwe kama mchezo. Ukizichunguza kauli hizi utaona zote zinazunguka jambo moja: ondoa matamko na itikadi, kisha tazama kilichobaki.

Kilichobaki kwa kijana wa Busi nilikijua baada ya kumuuliza mwenyewe, jambo ambalo lingenichukua dakika tano siku ile ya simu. Anaketi kwenye mkeka baada ya swala ya Alfajiri. Anavuta pumzi kwa pua, tumbo linapanda, anaitoa kwa kirefu zaidi ya alivyoivuta. Hatamki lolote. Robo saa, basi. Hiyo ni pumzi ya Allah ndani ya kifua cha mja wake. Jina "yoga" lilikuwa jina tu, na mimi nililihukumu jina.

Manufaa na hatari yake

Tatu, je, mazoezi haya yana faida? Wapo wanaoyauza kama tiba ya kila kitu, na hao ni wa kuogopwa sawa na waganga wa matangazo ya ukutani. Wachambuzi waliopitia majaribio yaliyokuwepo hadi mwaka 2017 walikuta mawili tu yanayofaa, yenye jumla ya watu 50, wakasema hayatoshi kuamua. Mwaka 2023 madaktari wa taasisi ya AIIMS, New Delhi, walichapisha utafiti wa watu 160 wenye kifafa. Nusu walifundishwa yoga, nusu wakafanya miondoko inayofanana nayo bila pumzi za polepole na bila kuizingatia miili yao. Baada ya miezi sita, waliofanya yoga walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa kupungukiwa na mianguko kwa zaidi ya nusu. Huo ni utafiti mmoja, tusiugeuze aya. Na jambo kubwa ni kwamba watu wale walikuwa wakitumia dawa. Pumzi zilikaa pembeni ya vidonge, hazikukaa mahali pake.

Upo pia upande wa hatari ambao wachache wanaujua. Kupumua kwa kasi na kwa nguvu kunaweza kuamsha kifafa. Ndiyo maana katika kipimo cha umeme wa ubongo, mgonjwa huambiwa apumue kwa nguvu kama dakika tatu, makusudi, ili dalili zijitokeze mbele ya daktari. Ndani ya yoga yamo mazoezi ya kupumua kwa kasi, na hayo mwenye kifafa ayaepuke. Nami niongeze, bila kumlenga mtu, kwamba zipo halaka za zikri ambazo watu hupumua kwa nguvu na kwa haraka usiku kucha. Mgonjwa wa kifafa akianguka pale, tusikimbilie kusema amepandwa. Amepumua kwa kasi na amekosa usingizi, na vyote viwili ni vichocheo vinavyojulikana.

Subira ya yule mwanamke

Hapa ndugu yangu mmoja alinipinga kwa hoja nzito. Alisema: mbona yule mwanamke aliyeanguka kifafa aliambiwa asubiri aingie Peponi? Kwa nini tuhangaike na dawa na pumzi?

Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Bukhari na Muslim. Ibn Abbas (r.a.) alimwonesha Ata bin Abi Rabah mwanamke wa Peponi. Mwanamke huyo alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza mambo mawili: kwamba huanguka kifafa, na kwamba anapoanguka hufunuka mwili. Akaomba dua. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri na apate Pepo, au akitaka amwombee apone. Akachagua subira. Kisha akarudi kwenye jambo la pili: aombewe asifunuke. Mtume akamwombea.

Tuitazame vizuri. Kwanza, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua. Hakuchaguliwa na mjomba wala na ustadhi wa kwenye simu. Pili, aliahidiwa Pepo na mdomo usiosema uongo, na sisi hatuna ahadi ya namna hiyo ya kuwagawia watu. Tatu, Mtume huyo huyo aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu. Subira ni ya moyo. Kidonge humezwa na mdomo, na moyo ukaendelea kusubiri.

Lakini lililonigusa zaidi ni lile ombi lake la mwisho. Mwanamke yule aliweza kuubeba ugonjwa. Alichoshindwa kukibeba ni aibu mbele za watu. Aliomba sitara.

Nilipomuuliza kijana wa Busi ni kipi hasa kilichomfaa kule kliniki, nilitegemea aseme pumzi. Akaniambia: "Ustadhi, pumzi zinanituliza. Ila kilichonifaa ni kwamba tulikuwa watu kumi, wote tuna kifafa. Mmoja alianguka katikati ya mazoezi, wenzake wakamgeuza ubavu, wakamfunika shuka, akaamka tukaendelea. Hakuna aliyekimbia. Sijawahi kuona hivyo."

Hajawahi kuona hivyo! Kijana aliyekulia madrasa na msikitini. Nikamuuliza, msikitini je? Akainamisha kichwa. Huswali safu ya mwisho, karibu na mlango wa viatu, kwa sababu aliambiwa asije akaanguka akawakatia watu swala, au akajikojolea akanajisi zulia. Alitoka chuo cha madrasa akiwa na juzuu kumi na mbili kwa sababu wazazi wa wenzake walihofia mate yake. Mama yake alichelewa kumpeleka kliniki miaka mitatu, kwa kuwa maradhi haya mara nyingi hutibiwa pamoja na ya akili, na hapa kwetu Dodoma jina la Mirembe watu wamelifanya tusi.

Wala si Busi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge, na akakuta wagonjwa wamefichwa, wengine na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka hata akiwa ndani ya jiko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, iliandika mianguko ya mara kwa mara ya kifafa pamoja na wazimu katika sababu za kuibatilisha ndoa. Aibu hii imeingia hadi kwenye maandishi ya dola.

Na wale watu 160 wa New Delhi walichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo: walikuwa wagonjwa wanaohisi kutengwa. Waliofanya yoga, hisia hiyo ilipungua. Tujiulize basi. Kijana wa Kiislamu akatafute sitara kwenye mkeka wa yoga, hali dini yake ina safu za swala ambamo bega hugusa bega? Kosa hapo ni la nani, lake au letu?

Tufanye nini?

Mwenye kifafa asiache dawa ila kwa amri ya tabibu, hata akipata nafuu, hata akisomewa ruqya. Ruqya ya Qur'an na vidonge havigombani. Mazoezi ya pumzi za polepole yasiyo na matamko ya kishirikina hayana ubaya, naye amweleze daktari wake. Akitaka, aandamanishe na istighfari. Kabla ya Ramadhani azungumze na daktari mapema kuhusu saa za dawa na usingizi, na akizuiwa kufunga, basi ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, na ni sadaka ya Allah kwake.

Sisi wengine, mtu akianguka, tuondoe vitu vya hatari na moto karibu naye, tumlaze ubavu, tulegeze nguo shingoni, tumsitiri, tusimtie kijiko wala chochote mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali haraka. Akizinduka achukue udhu upya, arudi kwenye safu yake. Na kwa wanaohofia zulia: bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.), Masahaba wakataka kumrukia, Mtume akawazuia hadi amalize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Zulia halina utukufu kuushinda msikiti ule.

Mkono wa kijana umepona, ila vidole viwili havikunjuki. Amerudi kwenye dawa, na pumzi zake za alfajiri anaendelea nazo. Mjomba bado hajaridhika, naye nimemwomba aje siku moja akae pembeni atazame, kisha aulize. Mara ya mwisho nilipokuwa Busi nilimshika kijana mkono ule ule nikamsimamisha kulia kwangu, safu ya kwanza. Mzee mmoja nyuma yetu aliguna. Tukaswali. Hakuanguka, na kama angeanguka nilikuwa nimevaa kanzu na juu yake shuka, na shuka lingetosha kumfunika.

Ewe Mola, wasitiri waja wako wenye kuanguka, na utusamehe sisi tunaojibu kabla ya kuuliza. Wallahu a'lam.